Jinsi ya kuchora nani kaingia nani katoka kwenye bendi, tukitumia Fleetwood Mac

Haya yote yalianza na ubishi wa Jumapili. Nilikuwa kwa mjomba, tumekula tumeshiba, binti yake akafungulia Dreams kwenye simu, ule wimbo uliorudi tena kwa kasi 2020 kupitia video ya yule jamaa anateleza barabarani kwenye ubao wa magurudumu huku anakunywa juisi. Mjomba akauliza hao kina nani, binti akasema Fleetwood Mac baba. Mzee akacheka kwa dharau kabisa, eti Fleetwood Mac gani yenye mwanamke, hiyo ni bendi ya blues, Waingereza, wanaume watupu, mi nilikuwa na santuri yao. Binti akasema baba huyu anayeimba ni Mmarekani. Wakanigeukia. "Mjomba, si wewe unajifanya mtaalamu wa muziki, haya amua." Nikasema nipeni wiki.

Jibu lilikuja kuwa wote wawili wako sawa, ila ilinichukua karatasi tatu zilizoharibika kulipata, kwa sababu nilianza vibaya. Nilifanya kile anachofanya kila mtu, nikaandika orodha ya majina na miaka. Fulani 1967 mpaka 1970, fulani 1968 mpaka 1972, inaenda inaenda, ukifika chini hukumbuki wa juu alikuwa nani na huoni kitu chochote. Orodha ya majina inakwambia nani alikuwepo tu, nani alikaa na nani na nani alichukua nafasi ya nani hiyo haikwambii. Kwa hiyo hapa naandika njia niliyoishia nayo, inafaa bendi yoyote.

Unachohitaji ni daftari la hesabu lile la viboksi, penseli, kifutio, kalamu moja ya wino na rangi tatu nne za watoto. Mwenye kompyuta atumie Excel, ni kitu kilekile, safuwima ndo miaka na mistari ndo watu. Mi napenda karatasi kwa sababu naweza kubandika ukutani na kubishana nayo.

Jambo la kwanza na ndo kubwa kuliko yote humu: usianze na majina, anza na viti. Kila bendi ina viti, cha drams, cha besi, cha gitaa, cha kinanda, cha sauti. Mtu anakuja anakalia anaondoka, kiti kinabaki, au kinakaa kitupu miaka, au kinapasuliwa vinakuwa viwili. Sisi tuliokulia kwenye dansi hili tunalijua bila kufundishwa, mpiga solo akinyakuliwa na bendi pinzani swali la mjini lilikuwa moja tu, sasa solo nani? Mjomba mwenyewe ni mtu wa Msondo, bendi iliyoanza ikiitwa NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, jina linabadilika kadri chama cha wafanyakazi kinavyobadilika, na watu wa Msondo hawakuwahi kupotea njia. Kule jina lilihama, watu na mapigo vikabaki. Fleetwood Mac ni kinyume chake, jina limetulia palepale toka 1967 na kila kitu chini yake kimehama, mpaka mji, mpaka aina ya muziki. Ndo maana inachanganya.

Kabla hujaingia huko fanya zoezi dogo la nusu saa na Queen. Wengi tunaianza kwa sababu ya Freddie Mercury, Farrokh Bulsara wa Unguja, kazaliwa Zanzibar 1946. Chora viti vinne tu. Sauti, Mercury. Gitaa, Brian May. Drams, Roger Taylor. Hao watatu London 1970 unawaandika bila shida. Besi sasa ndo utatumia kifutio, maana kabla John Deacon hajaingia 1971 kiti hicho kilishakaliwa na watu watatu, Mike Grose, Barry Mitchell na Doug Bogie, huyu wa mwisho shoo mbili tu akaishia. Toka hapo mistari minne inaenda sambamba miaka ishirini, inapendeza kuichora. Tarehe 24 Novemba 1991 mstari wa Mercury unakatika. 1997 wa Deacon nao unakatika, huyu hakufa, alistaafu tu akaenda zake nyumbani.

Halafu unafika 2004 na swali la kwanza gumu. Paul Rodgers anaimba nao mpaka 2009, toka 2011 anaimba Adam Lambert. Unawaweka kwenye kiti cha Mercury? Angalia jina walilotumia: Queen + Paul Rodgers, Queen + Adam Lambert. Hiyo alama ya kujumlisha imewekwa makusudi, maana yake huyu ni mgeni wa heshima, nyumba si yake. Na kuna mpiga kinanda Spike Edney, yuko nao jukwaani toka 1984, muda mrefu kuliko ndoa nyingi, na hajawahi kuwa mwanachama.

Kwa hiyo kabla ya kuendelea weka alama zako tatu. Mwanachama kamili, kiboksi kinajazwa rangi yote. Mualikwa wa kurekodi au mgeni wa heshima, kiboksi kina mistari ya mshazari. Mtu wa ziara tu, nukta katikati. Ukichanganya hizi tatu chati yako ni takataka, na kwa Fleetwood Mac utazihitaji zote ndani ya miaka mitano ya mwanzo.

Haya tuingie. Chora mistari saba. Drams, besi, gitaa la kwanza, gitaa la pili, gitaa la tatu (ndiyo, la tatu, subiri), kinanda, na mstari wa saba uite sauti tupu, wa wale ambao kazi yao ni kuimba tu. Anayepiga chombo huku anaimba muachie kwenye chombo chake umuwekee kinukta cha rangi juu. Kiboksi kimoja ni nusu mwaka, kutoka 1967 mpaka 2022 ni miaka 56, viboksi 112, itabidi uunganishe karatasi kwa selotepu. Miaka ya 1970 mpaka 1974 usijaribu kuiminya humo, nilijaribu ikawa kama mguu wa mtoto wa darasa la kwanza umekanyaga wino. Hiyo itolee karatasi yake, kiboksi kimoja mwezi mmoja.

Anza na mistari miwili ya rahisi ili upate moyo. Drams ni Mick Fleetwood, julai 1967 mpaka mwisho wa karatasi. Hiyo piga kwa kalamu ya wino kabisa, hutaifuta tena. Besi ni John McVie, nayo inaenda mpaka mwisho, ila kuna mtego pale mlangoni. Jina la bendi limetokana na hao wawili, Fleetwood na Mac wa McVie, alilitoa Peter Green alipotoka kwenye bendi ya John Mayall akataka kuanzisha ya kwake. Sasa McVie mwenyewe, ambaye nusu ya jina ni lake, alichelewa kuja! Alikuwa bado yuko kwa Mayall kwenye mshahara wa uhakika. Shoo ya kwanza, tamasha la Windsor agosti 1967, besi alipiga Bob Brunning ambaye alikuja kwa makubaliano kwamba McVie akikubali yeye anapisha. Wiki chache McVie akakubali. Brunning mpe kiboksi chake kimoja, kidogo lakini haki yake, maana yupo hata kwenye albamu ya kwanza, wimbo mmoja.

Magitaa. La kwanza Peter Green, la pili Jeremy Spencer aliyekuwa anapiga slaidi, yaani anatelezesha kibomba juu ya nyuzi. Agosti 1968 akaja kijana wa miaka 18, Danny Kirwan, sasa wako wapiga gitaa watatu kwa mpigo, ndo hilo gitaa la tatu nililokwambia. Hii ndo bendi ya mjomba. Blues ya London, wanaume watano. Black Magic Woman ambayo mtaani kila mtu anaapa ni ya Santana, ilitungwa na Green na wakaitoa wao 1968, Santana kaipiga 1970. Januari 1969 wakashika namba moja Uingereza kwa Albatross, ambayo haina hata neno moja la kuimba.

Na hapo kuna kitu cha kujifunza kuhusu hizi chati. Kwenye Albatross Spencer hayupo. Kwenye albamu ya 1969, Then Play On, hasikiki karibu kabisa. Lakini ni mwanachama kamili, yuko jukwaani kila usiku. Kwa hiyo usimfute, kiboksi chake kijazwe, kwa sababu chati hii inasema nani ni wa bendi, habari ya nani kapiga kwenye wimbo gani ni chati nyingine na ukitaka kuzichora zote mbili kwenye karatasi moja utalia. Upande wa pili wa shilingi ni kinanda. Albamu ya pili, 1968, kuna piano, mpigaji ni Christine Perfect wa bendi ya Chicken Shack. Huyo hapo ni mualikwa, mpe mshazari. Mwaka huohuo akaolewa na McVie wa besi, akawa Christine McVie, na kama hujui utamwandika kama watu wawili tofauti (mimi nilimwandika hivyo, karatasi ya kwanza ikafa hapo). Uanachama kamili alipata agosti 1970.

Sasa karatasi ya miezi, 1970 mpaka 1974. Hapa tulia, chukua chai.

Mei 1970 Green anaondoka. Mwanzilishi, mtunzi, mwenye jina kubwa, basi. Watu wengi wangefunga bendi hapo. Februari 1971 wako Los Angeles kwenye ziara, Spencer anatoka hotelini anasema anapita duka la vitabu, hakurudi. Wakamtafuta siku kadhaa wakamkuta amejiunga na kikundi cha dini, Children of God, na amesema harudi. Ziara bado ina tarehe zimebaki, mikataba imesainiwa, wafanyeje? Wakampigia simu Green, akaja akamalizia ziara akarudi alikotoka. Hicho kipande chake cha pili cha wiki chache weka nukta, mtu wa ziara, usikiunganishe na mstari wake wa zamani.

Aprili 1971 anaingia Bob Welch, mtu wa California, Mmarekani wa kwanza. Agosti 1972 Kirwan kibarua kinaota nyasi, alikuwa na hali mbaya na pombe, usiku mmoja wa shoo kule Marekani akalipasua gitaa lake akagoma kupanda jukwaani, wenzake wakapanda bila yeye, baada ya hapo wakamuondoa. Septemba 1972 wanaingia wawili kwa mpigo, Bob Weston gitaa na Dave Walker aliyetoka bendi ya Savoy Brown, huyu anaingia kwenye mstari wa sauti tupu. Katikati ya 1973 Walker hayupo tena. Oktoba 1973 Weston anatimuliwa katikati ya ziara kwa sababu alikuwa anatembea na mke wa Mick Fleetwood, na ukifikiria kwamba Fleetwood ndo mwenye nusu ya jina la bendi unajiuliza huyu bwana alikuwa anawaza nini.

Kipande cha karatasi yangu hapo kinasomeka hivi, ukikiandika kwa maneno:

Mwanzo wa 1970: magitaa Green, Spencer, Kirwan. Kinanda kitupu.
Mwisho wa 1970: magitaa Spencer, Kirwan. Kinanda Christine.
Katikati ya 1971: magitaa Welch, Kirwan. Kinanda Christine.
Mwisho wa 1972: magitaa Welch, Weston. Kinanda Christine. Sauti tupu Walker.
Mwisho wa 1973: gitaa Welch peke yake. Kinanda Christine.

Miaka minne. Drams na besi hazijasogea hata kiboksi.

Halafu 1974, na hapa usiende kwa kukariri matangazo maana utaingizwa mjini kama walivyoingizwa Wamarekani waliokata tiketi. Baada ya kumtimua Weston bendi ikasitisha ziara kila mtu akapumzike. Meneja wao, Clifford Davis, akadai jina la Fleetwood Mac ni mali yake, akakusanya wanamuziki wengine kabisa akawapeleka Marekani kupiga kama Fleetwood Mac. Hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye bendi. Watu wamelipa, taa zimezimwa, zinawashwa unaona sura usizozijua. Ilikwenda mahakamani, ile ya bandia ikafa, baadhi yao wakaja kuunda bendi iliyoitwa Stretch, lakini kesi iliwafunga mikono wenye jina lao kwa muda mrefu na ndo moja ya sababu walihamia Los Angeles mwaka huo, wawe karibu na kampuni ya rekodi na wanasheria. Kwenye chati kundi lile usiliweke kwenye mistari saba kabisa. Chora kijisanduku nje ya mistari, pembeni, andika bandia 1974. Bendi nyingi za zamani zina kijisanduku cha namna hiyo, ukikutana na safu ambayo haina mtu hata mmoja wa kabla wala wa baada yake, stuka.

Desemba 1974 Welch anachoka anaondoka. Karatasi ya miezi imeisha, rudi kwenye ile kubwa.

Sasa usajili maarufu kuliko yote. Fleetwood alikuwa anatafuta studio, akaenda Sound City kule Van Nuys, fundi Keith Olsen akampigia wimbo wa vijana wawili ili asikie ubora wa studio yake. Vijana wenyewe ni Lindsey Buckingham na Stevie Nicks. Fleetwood akamtaka yule wa gitaa tu. Buckingham akasema mimi na huyu binti ni kifurushi kimoja. Mwisho wa 1974 wakaingia wote. Gitaa Buckingham, sauti tupu Nicks, na huyo ndo Mmarekani wa binti wa mjomba.

Angalia mtego wa majina ya albamu, huu ulinila karatasi ya pili. Albamu ya kwanza ya bendi, februari 1968, inaitwa Fleetwood Mac. Albamu ya kwanza ya Buckingham na Nicks, 1975, nayo inaitwa Fleetwood Mac. Ukisoma mahali Nicks yupo kwenye albamu inayoitwa kwa jina la bendi ukadhani ni ile ya kwanza unamuweka Stevie Nicks London 1968 akiwa bado yuko shule California. Ndo maana nasema usitumie tarehe ya albamu kama tarehe ya mtu kuingia. Albamu inatoka miezi baada ya kurekodiwa, mtu anaweza kuwa ameingia mwaka wa nyuma, anaweza hata kuwa ameshatoka. Tumia tarehe ya shoo ya kwanza au ya kutangazwa, albamu iwe ya kuhakikishia tu.

Kuanzia hapo mpaka 1987 huna kazi, viboksi 25 vya watu walewale watano, kipindi kirefu cha utulivu kuliko chote. Na ndo inachekesha maana ndo kipindi cha vita. Wakati wanarekodi albamu ya Rumours, iliyotoka februari 1977, John na Christine ndoa imevunjika, Buckingham na Nicks wameachana, Fleetwood naye kwake kunawaka moto, na wanatungiana nyimbo za kusutana halafu anayesutwa ndo anapiga gitaa. Ikauza zaidi ya nakala milioni 40. Watu wameachana wote na safu haijatikisika. Chati haionyeshi mapenzi, usijaribu kuyaweka, nilijaribu na kalamu nyekundu ikawa kama ramani ya daladala.

Agosti 1987 Buckingham anagoma kwenda ziara anaondoka. Wanaingia Billy Burnette na Rick Vito, wote gitaa. 1991 Nicks na Vito wanatoka. Januari 1993 wale watano wa Rumours wanaonekana pamoja tena kwenye sherehe ya kuapishwa kwa Bill Clinton, wakapiga Don't Stop, wimbo wao ambao Clinton aliutumia kwenye kampeni. Usijaze kiboksi! Ni usiku mmoja, wimbo mmoja. Nukta moja tu. Bendi halisi ya wakati huo ilikuwa inatafuta watu, na albamu ya 1995 ina Bekka Bramlett kwenye sauti na Dave Mason wa zamani wa bendi ya Traffic kwenye gitaa, pamoja na Burnette. Albamu haikuuza, safu ile ikavunjika. 1997 wale watano wanarudi kweli, hapo jaza. 1998 Christine amechoka na kupanda ndege anaacha, kinanda kinakaa bila mwenyewe mpaka 2014 anaporudi. Aprili 2018 Buckingham anaondolewa, safari hii hakutoka kwa hiari, akafungua kesi baadaye wakamalizana nje ya mahakama. Wanaingia wawili, Neil Finn wa bendi ya Crowded House na Mike Campbell aliyekuwa mpiga gitaa wa Tom Petty. Tarehe 30 Novemba 2022 Christine anafariki, na mimi karatasi yangu niliikata hapo.

Ukishamaliza kuchora, hakiki kwa vitu viwili. Cha kwanza orodha rasmi, lakini usiiamini kama msahafu. Januari 1998 walipoingizwa Rock and Roll Hall of Fame, lile jumba la heshima la wanamuziki kule Marekani, yalitajwa majina manane: Green, Spencer, Kirwan, Fleetwood, McVie wote wawili, Buckingham na Nicks. Welch hayumo. Mtu aliyeshika bendi miaka karibu minne, albamu tano, wakati kila mtu anakimbia, hayumo. Ungeichora chati kwa kutumia orodha ile pekee ungepata shimo la gitaa kuanzia 1972 mpaka 1974 kana kwamba bendi ilikuwa imelala. Shimo likitokea kwenye kiti ambacho albamu zinaendelea kutoka, kuna mtu kasahaulika, nenda kamtafute.

Cha pili ni masikio. Chukua wimbo mmoja kutoka kila rangi ya chati yako usikilize mfululizo bila kuangalia majina. Sauti ya slaidi inayolia, Spencer. Sauti laini ya kizungumzaji ya ndotondoto, Welch. Gitaa linalopigwa kwa vidole bila kipiki, haraka haraka, Buckingham. Sauti ya mwanamke iliyokwaruza kidogo ni Nicks, ile ya chini iliyotulia ni Christine. Ukisikia rangi inabadilika mahali ambapo chati haibadiliki, umekosea mahali. Na chini ya zote sikiliza besi na drams. Hizo ndo hazibadiliki hata ukilazimisha.

Jumapili iliyofuata nikapeleka karatasi kwa mjomba, ndefu, nikaifungua mezani tukabana ncha na vikombe. Binti akaona mstari wa Nicks, mzee akaona mstari wa Green, kila mtu akapata chake. Nikadhani kazi imeisha. Mjomba akavaa miwani akaanza kufuatilia mstari wa gitaa kwa kidole, taratibu, kama anasoma tiketi ya basi.

"Huyu Buckingham alipotoka hapa wakaweka wawili?"

Nikasema ndiyo mjomba, 1987, Burnette na Vito.

Akaendelea na kidole mpaka karibu na mwisho. "Na hapa katoka tena, wakaweka wawili tena."

Sikuwa nimeona. Nimeichora mimi kwa mkono wangu, wiki nzima, sikuwa nimeona. Campbell na Finn, 2018. Mara zote mbili alipoondoka kiti chake kilijazwa na watu wawili, na kabla yake gitaa la pili lilikuwa tupu toka Weston atimuliwe.

Mzee akavua miwani akamwambia binti yake rudisha ule wimbo wa mwanzo, safari hii nataka nimsikilize wa gitaa.